SOMO: SHOKI ZA MLANGO WA NYUMA WA GARI LA KIKUNDI
Namna ya kuzipima, kuzitafuta na kuzifunga bila mtu kuumia



Kuna vikundi vya kujisaidia huku kwetu Saboti, na ng'ambo ya Kamukuywa mpaka Bungoma, ambavyo vimejikaza vikanunua gari. Lingine ni Probox ya kupeleka maziwa na mboga Kitale. Lingine ni Nissan ya abiria, au stesheni wagoni ya kubebea viti na hema za kukodisha. Gari hilo hilo ndilo humpeleka mgonjwa hospitali usiku, na siku ya msiba ndilo hubeba jeneza.

Sasa angalia mlango wa nyuma wa gari hilo. Je, unasimama wenyewe ukiufungua, au kuna fimbo? Ikiwa kuna fimbo, somo hili ni lenu. Mlango wa nyuma ni chuma na kioo, na ukianguka huanguka juu ya kichwa cha aliyeinama. Aliyeinama ni mama anayetoa mkebe wa maziwa, makanga anayesukuma gunia, au kijana aliyeshika mguu wa jeneza na hawezi kuachilia mikono ajikinge.

Kubadilisha shoki si kazi kubwa. Ni kazi ambayo kikundi kinaweza kuisimamia chenyewe, mradi kipime kabla ya kununua.

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze (1) kutambua shoki iliyochoka, (2) kununua inayofaa bila kudanganywa, (3) kuifunga au kumsimamia fundi anayeifunga, na (4) kujua mambo ambayo hayafai kufanywa kabisa.

Vifaa: Gari lenyewe, tepu ya kupimia, daftari na kalamu, kitambaa, bisibisi ndogo bapa, spana namba 10 na 12, grisi kidogo, na mti imara wa kuegemeza mlango.

1. SHOKI HII NI KITU GANI?

Mafundi huiita shoki ya buti. Si sawa na shoki za magurudumu. Hii ni bomba jembamba lililozibwa, na ndani yake mna gesi iliyoshindiliwa pamoja na mafuta kidogo. Kutoka kwenye bomba hutokea rodi, yaani kile chuma chembamba kinachong'aa. Gesi husukuma rodi itoke nje saa zote. Ukifunga mlango unairudisha ndani kwa nguvu zako. Ukifungua, gesi inakusaidia kuinua.

Gesi hiyo ni naitrojeni. Si kitu kigeni, kwa maana hewa tunayovuta ni naitrojeni karibu asilimia 78. Hutumiwa kwa sababu haishiki moto na haitii bomba kutu. Mafuta yaliyomo yana kazi mbili: kulainisha sili ya mpira inayozuia gesi isitoke, na kutuliza mwendo ili mlango usiruke ghafla unapofika juu.

Kitu kama hiki utakiona pia chini ya boneti za magari fulani, na ndani ya vile viti vya ofisi vinavyopanda na kushuka.

Nguvu ya shoki huandikwa juu ya bomba kwa herufi N, mfano 400N. N ni nyutoni. Kwa hesabu ya kijijini, kila nyutoni 10 ni kama kuinua kilo 1. Basi shoki ya 450N inasukuma kama mtu anayeinua kilo 45, yaani nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Na ili bomba jembamba namna hiyo liwe na nguvu hizo, gesi ya ndani hushindiliwa sana. Kwa shoki ya 450N yenye rodi ya milimita 8, presha yake ni zaidi ya mara 40 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Tafadhali kumbukeni neno hili. Tutalirudia tukifika kwenye mambo ya hatari.

2. MBONA ZINACHOKA?

Kwanza ni umri. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepitisha miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Basi gari linaloitwa "mpya" kijijini huweza kufika bandarini Mombasa shoki zake zikiwa na miaka saba. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na nyingine za zamani bado ziko barabarani. Gesi hupungua kidogo kidogo hata kama gari limeegeshwa tu.

Pili ni vumbi la barabara zetu. Vumbi hukaa juu ya rodi, na kila mlango ukifungwa huingia pamoja nayo na kukwaruza sili. Wakati wa mvua ni matope, halafu kutu. Rodi yenye kutu ni kama msumeno kwa sili.

Tatu ni uzito wa ziada. Wengine wamefunga spika, ngazi au kibao kizito kwenye mlango wa nyuma. Tufanye hesabu tuone.

Tuseme mlango una kilo 20, na uzito wake umekaa sentimita 50 kutoka kwenye bawaba. Shoki hazisukumi pale mbali. Zinasukuma karibu na bawaba, tuseme sentimita 15. Ni kama kusukuma mlango wa nyumba karibu na bawaba badala ya kwenye kitasa: lazima utumie nguvu nyingi zaidi. Mlango ukiwa umelala sawa, 20 mara 50 ni 1,000. Gawanya kwa 15, unapata kama kilo 67. Shoki ziko mbili, basi kila moja hubeba kama kilo 33, yaani 330N. Shoki mbili za 400N zitausimamisha vizuri.

Sasa ongeza kitu cha kilo 5 tu juu ya mlango. 25 mara 50 ni 1,250. Gawanya kwa 15, ni kama kilo 83. Kila shoki inatakiwa kubeba kama kilo 42, yaani 420N. Zile za 400N zimeshindwa, hata kama ni mpya! Kumbe kosa si la shoki, ni la mzigo.

Hesabu hiyo hiyo inatuonyesha jambo lingine. Shoki moja ikifa, ile nyingine haiwezi kubeba kilo 67 peke yake. Ndiyo maana tunasema shoki hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Ukiweka moja mpya na moja nzee, mpya itafanya kazi ya mbili, mlango utapinda upande mmoja, na baada ya muda utarudi dukani tena.

3. DALILI ZA SHOKI ILIYOCHOKA

Wanakikundi wazunguke gari waangalie mambo haya:

- Mlango unapanda nusu kisha unasimama, au unarudi chini polepole.
- Asubuhi unaanguka lakini mchana unasimama. Watu husema ni "mashetani ya gari". Sivyo. Gesi ikipoa nguvu hupungua, kama asilimia 3 hadi 4 kwa kila nyuzi 10 za baridi. Shoki nzima haijali, lakini ile iliyo mpakani hushindwa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na asubuhi zetu ni za baridi. Kwa hiyo pima mlango alfajiri, si saa saba mchana.
- Kuna mafuta yaliyotoka juu ya rodi, na vumbi limegandamana hapo.
- Rodi ina kutu, mikwaruzo, au imepinda.
- Kikombe cha mwisho wa shoki kinacheza, au bolti zimelegea.

Dalili moja yatosha. Msingoje zote tano.

4. FIMBO: IWE YA KUNGOJEA TU

Tunajua pesa haipatikani siku hiyo hiyo. Kama ni lazima kutumia mti kwa wiki moja au mbili, basi utumieni vizuri. Uwe mzito wa kutosha, si kijiti cha kuni. Kichwa chake kiwe na panda inayoshika ukingo wa mlango. Mguu wake ukae mahali pamoja juu ya sakafu ya gari, si juu ya gunia. Ufungwe kwa kamba kwenye gari ili usiachwe sokoni. Na mtu mmoja asimame kando akishikilia mlango wakati wengine wanapakia.

Kama shoki bado ina nguvu kidogo, kuna njia nyingine. Chukua kipande cha bomba la plastiki gumu, urefu wake sawa na rodi iliyotoka nje. Kipasue upande mmoja kwa urefu. Mlango ukiwa juu kabisa, kibandike juu ya rodi, na rodi haitaweza kurudi ndani. Ukitaka kufunga mlango unakitoa. Kifungwe kwa kamba na kipakwe rangi nyekundu, ili dereva asisahau akajaribu kufunga mlango kikiwa bado kimekaa.

Usibane rodi kwa koleo. Meno ya koleo yanakwaruza rodi, na baada ya hapo sili haitapona.

5. KUPIMA KABLA YA KWENDA DUKANI

Hapa ndipo pesa ya kikundi huokolewa au hupotea. Andikeni kwenye daftari mambo saba:

(1) Jina la gari, mwaka, na namba ya chesisi kama ilivyo kwenye kitabu cha gari. Gari la jina moja huweza kuwa na shoki tofauti kwa miaka tofauti.

(2) Maandishi yote yaliyo juu ya bomba. Futeni vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, yasifutike. Tafuteni namba ya kiwanda na ile yenye N. Jina kama Stabilus, kampuni ya Ujerumani, au namba ya Toyota, humsaidia muuzaji kutafuta. Kama shoki zilishawahi kubadilishwa, namba inaweza kuwa ya gari lingine, kwa hiyo msiiamini peke yake. Pimeni.

(3) Urefu wote rodi ikiwa imetoka kabisa, kutoka katikati ya kiungo cha juu mpaka katikati ya kiungo cha chini.

(4) Urefu wa rodi peke yake, ile sehemu inayong'aa.

(5) Unene wa bomba na unene wa rodi. Zilizo nyingi zina rodi ya milimita 8 na bomba la milimita 18, au rodi ya 10 na bomba la 22.

(6) Namna ya viungo vya mwisho: ni kikombe kinachokaa juu ya kichwa cha gololi, ni tundu la kupitisha bolti, au ni kibati chenye matundu mawili? Juu na chini huenda visifanane. Choreni picha.

(7) Kushoto na kulia. Wakati mwingine hazilingani.

Aliyepima si yeye asome tena. Mwingine apime mara ya pili, mkilingana ndipo katibu aandike.

6. KUTAFUTA DUKANI

Anzeni karibu: maduka ya spea Kitale, Webuye na Bungoma. Kama hakuna, Eldoret. Nairobi, barabara ya Kirinyaga na mitaa ya Grogan inajulikana nchi nzima kwa spea, na mzigo mdogo kama huu hutumwa kwa basi. Lakini anayetuma pesa bila vipimo anacheza kamari.

Kuna shoki za namna tatu. Kuna za kiwanda cha gari lenyewe: bei iko juu, lakini zinaingia sawasawa. Kuna mpya za viwanda vingine: nyingi ni nzuri kama vipimo na N zinalingana. Na kuna zilizotumika, zilizotolewa kwenye magari ya Japani: bei iko chini, lakini hujui umri wake. Huenda unanunua uzee mwingine.

Za kutumika zijaribuni kwa mizani ya kusimama, ile ya kupimia magunia. Weka kipande cha ubao juu ya mizani. Simamisha shoki wima, rodi ikiangalia chini juu ya ubao. Mmoja abonyeze juu kwa mikono miwili, pole pole, uso ukiwa kando. Mwingine asome kilo pale rodi inapoanza kuingia. Toa uzito wa ubao na wa shoki yenyewe, kisha zidisha kwa 10. Kama shoki imeandikwa 400N na mizani inaonyesha kilo 22, hiyo imekwisha. Iacheni hapo. Zote mbili zikaribiane.

Wanakikundi wawili wasimame waigize mazungumzo haya:

MUUZAJI: Karibu, mama. Tukupatie nini leo?

MAMA: Asante, kijana. Natafuta shoki za mlango wa nyuma za Probox, jozi.

MUUZAJI: Ziko. Hizi hapa. Nikufungie?

MAMA: Ngoja kwanza. Nimekuja na moja ya zamani. Tuziweke sambamba.

MUUZAJI: Haya.

MAMA: Unaona? Hii yako imezidi yangu kwa upana wa kidole.

MUUZAJI: Hiyo si kitu, mama. Fundi atasukuma tu, itaingia.

MAMA: Ikizidi urefu, mlango utagoma kufunga. Ukilazimishwa, bawaba inapinda au kioo kinapasuka. Kioo utanilipia wewe?

MUUZAJI: (anacheka) Basi mama, wacha nitafute. Hizi je? Urefu ni sawa.

MAMA: Imeandikwa 650. Yetu ni 400.

MUUZAJI: Si ni vizuri ziwe na nguvu zaidi?

MAMA: La. Mlango utaruka umpige mtu kidevu, na kufunga itakuwa vita. Nataka 400, au karibu na hapo.

MUUZAJI: Nitazipigia simu, zije kesho. Ni mpya.

MAMA: Sawa. Niandikie bei kwenye karatasi, na uandike kwamba zisipoingia nitarudisha. Nikizipata nitataka risiti, maana pesa si yangu, ni ya kikundi.

Baada ya igizo, ulizeni: Mama alikataa mara ngapi? Kila mara alikuwa na sababu gani? Mngekuwa nyinyi, mngekubali wapi?

7. KUFUNGA: HATUA KWA HATUA

Kazi hii ifanywe na watu wawili au watatu. Watoto wakae mbali.

1. Egesha gari mahali tambarare, vuta handibreki, weka mawe kwenye magurudumu. Siku ya upepo mkali ahirisheni.

2. Fungua mlango mpaka juu kabisa. Mtu mmoja aushike, na mti imara uwekwe. Mshikaji asiachilie mpaka kazi iishe, hata kama mti upo.

3. Toa shoki MOJA tu. Usitoe zote mbili kwa wakati mmoja. Mshikaji ainue mlango kidogo zaidi, ili shoki isiwe inasukuma.

4. Kama ni kikombe cha gololi, utaona klipu ya chuma nyuma yake. Iinue kidogo kwa bisibisi, milimita chache tu, usiitoe yote. Vuta shoki kuelekea kwako, itatoka. Kama ni bolti, fungua kwa spana na uweke bolti kwenye kikopo.

5. Laza ya zamani na mpya pamoja kwa mara ya mwisho. Viungo ni vile vile?

6. Safisha kichwa cha gololi, paka grisi kidogo. Angalia kibati na bolti zake. Penye kutu piga msasa na rangi. Shoki mpya juu ya kibati kilichooza ni kazi bure.

7. Weka mpya. Mlango ukiwa UMEFUNGWA, rodi inatakiwa ielekee chini na bomba juu, ili mafuta ya ndani yakae juu ya sili na kuilinda isikauke. Sukuma kikombe mpaka usikie "ta!" Kisha vuta kwa mkono uhakikishe kimeshika.

8. Usipake grisi wala mafuta juu ya rodi. Yanakamata vumbi.

9. Sasa nenda upande wa pili, urudie.

10. Ondoa mti. Shusha mlango pole pole, mmoja akiangalia kila upande. Ukihisi umekwama kabla ya kufunga, SIMAMA. Usiupige. Shoki ni ndefu mno au imegeuzwa.

11. Ukifunga vizuri, fungua na ufunge mara kumi. Kisha jaribu tena kesho yake alfajiri kabla gari halijatoka kazini.

8. MAMBO MATANO YA KUKATAA

Tulisema presha ya ndani ni zaidi ya mara 40 ya tairi. Kwa hiyo:

- Usiikate kwa msumeno wala usiitoboe. Rodi inaweza kutoka kama risasi.
- Usiipige welding, na usipige welding karibu nayo. Fundi akitaka kuchomelea bawaba au kibati, shoki zitolewe kwanza.
- Usiitupe motoni wala kwenye shimo la takataka linalochomwa. Joto linaongeza presha mpaka bomba lipasuke.
- Usiwape watoto wachezee au wauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu bila kusema ni nini. Chuma hicho huishia kwenye moto wa mtu mwingine. Ipakwe rangi nyekundu, iandikwe HATARI GESI, na iachwe kwa gereji inayojua kazi hiyo.
- Fundi akisema ataitoboa, aweke vali na kuijaza tena, mwambie asante. Bomba halikutengenezwa lifunguliwe, na hujui litapasuka lini na mbele ya nani.

Hata shoki isiyoweza kuinua mlango bado ina gesi. Iliyochoka si iliyokwisha.

9. NANI ANAHUSIKA?

Gari la kikundi lina shida moja ambayo gari la mtu binafsi halina. Dereva anasema ni kazi ya mwenyekiti. Mwenyekiti anasema hakuambiwa. Mweka hazina anasema hakuna pesa ya vitu vidogo. Mlango unaning'inia, na kila mtu anajua. Siku mtu akipasuka kichwa ndipo mkutano unaitwa. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mkutano uchague mtu mmoja wa kukagua gari kila mwezi, na mlango wa nyuma uwe kwenye orodha yake. Pili, dereva apewe ruhusa ya kukataa kupakia kama mlango hausimami, bila kulaumiwa. Tatu, kuwe na akiba ndogo ya matengenezo. Gari likifanya kazi siku 6 kwa wiki na kikundi kikiweka shilingi 20 tu kila siku ya kazi, kwa wiki 52 ni shilingi 6,240. Pesa hiyo isikopeshwe, hata kwa mwenyekiti.

Na shoki zikibadilishwa, katibu aandike tarehe, duka, bei, namba, nguvu na kilomita za gari. Wakati ujao hamtaanza mwanzo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Mlango wa gari letu una hali gani leo? Nani aliona kwanza, na alimwambia nani?
2. Katika kazi zetu, ni nani huinama chini ya mlango huo mara nyingi? Je, ni yeye anayeamua juu ya pesa za matengenezo?
3. Kuna uzito gani tumeongeza kwenye mlango ambao tunaweza kuuondoa bila gharama?
4. Kama hatuna gari letu na tunakodi, tutamwambiaje mwenye gari bila kumvunjia heshima?
5. Ni vitu gani vingine vya kikundi "vinavyoshikiliwa na fimbo"? Mashine ya kusaga? Mlango wa ghala? Paa la choo?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu wawili wapime shoki kwa kufuata ile orodha ya mambo saba. Wawili wengine waulize bei katika maduka matatu, wakiwa na vipimo mkononi, na waandike nauli pia. Mweka hazina alete hesabu. Mkutano uamue siku hiyo hiyo, na tarehe ya kufunga iandikwe. Mpaka tarehe hiyo, mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa mshika mlango, na mwingine yeyote asiiname chini yake kabla yeye hajasema, "Nimeshika."